Albamu ya Wale Wawili

Niseme mapema ili mtu asinitafute baadaye: mimi ni mtu wa wivu. Nimekuwa hivyo tangu utoto. Mama anasimulia kwamba alipozaliwa mdogo wangu, nilikaa siku mbili nimegeukia ukuta, sili, sisemi na mtu. Kwa hiyo sikushangaa moyo wangu ulipochacha siku niliyojua kwamba mwenzangu amepata mtu mwingine huko Beni. Nilishangaa tu ulivyochacha haraka.

Mwenzangu ni yule niliyerapu naye miaka minne. Jina lake silitaji, watu wa Butembo wanalijua. Tulianza wakati wa Ebola, tulipokuwa tunanawa mikono kwenye kila mlango na kusalimiana kwa viwiko kama watu waliogombana. Tulikaa nyuma ya nyumba yao, kwenye mbao za baba yake, na simu moja iliyopasuka kioo. Yeye alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na maneno. Ndivyo watu walivyosema, na mimi niliamini yote, hasa ile sehemu ya maneno.

Tulipokuwa na nyimbo za kutosha, akasema twende Beni. Huko kulikuwa na studio ndogo na fundi anayejua kusafisha sauti mpaka mtu asikie unavyovuta pumzi. Hapa kwetu studio zilikuwepo, lakini mafundi walikuwa wanaiga wa Goma tu. Nikaenda kumwambia mama. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, hakuinua hata kichwa.

“Ile barabara inakula batu,” akasema, akimaanisha watu wanaouawa njiani. “Mi hapana kuzika mutoto juu ya muziki.”

Mimi ni mtoto wa kwanza, na baba alishakufa. Kwetu maneno kama hayo yakitoka kwa mama, unanyamaza. Mwenzangu alikuja kunichukua mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshafunga begi, pikipiki inamngoja barabarani, taximan anapiga honi. Nilimwambia mama amekataa. Ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa naogopa pia, naogopa sana, na nilifurahi kwamba mama amenipa mahali pa kujificha. Nikamwambia nitamfuata. Sikumfuata.

Nilibaki na kibanda changu karibu na soko. Juu ya bati nina solari mbili, ndani nina meza, kompyuta ya zamani na waya nyingi. Ninachaji simu za watu, na ninawapakia nyimbo kwenye kadi memori. Hapa si kila mtu ana megabaiti za kuchezea. Mtu anakuja na kadi yake, anasema, “Jazia mi,” basi unamjazia: dini, rumba, rap, filamu za Wachina kama nafasi ipo. Wateja wangu wakubwa ni wataximan wa pikipiki, sababu wao wanazunguka na spika imefungwa kwenye usukani, na taximan asiye na muziki anaonekana kama ana msiba.

Miezi sita ikapita. Asubuhi moja nikafungua simu nikaona picha yake. Amesimama Mulekera, mtaa wa Beni, mbele ya ukuta wa matofali, amevaa jaketi nyeusi ya balo, ya mtumba, na kando yake kijana mwembamba amevaa jaketi ileile. Mkono wa mwenzangu uko begani mwa yule kijana. Chini ameandika: “Sisi wawili.”

Niliitazama ile picha mpaka simu ya mteja ikaanza kunuka kwenye chaja. Sisi wawili. Hayo yalikuwa maneno yetu. Tuliyaandika kwa makaa kwenye zile mbao za baba yake, na baba yake alitupigia kelele. Basi nikaanza kumchukia yule wa Mulekera hata sauti yake sijaisikia. Nilichukia shingo yake ndefu. Nilichukia viatu vyake, na vilikuwa viatu vya kawaida kabisa.

Halafu wakaja. Ilikuwa Jumatano, wanapita kwenda Lubero kumsalimia nyanya wa mwenzangu. Walisimama mlangoni mwa kibanda wote wawili wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Yule wa Mulekera akainama kidogo akanipa mkono, ule mwingine umeshika kiwiko, kwa heshima.

“Yaya, jambo,” akasema, akiniita mkubwa wake kwa neno hilo. “Nilishasikia habari yako sana.”

“Mimi sijasikia yako,” nikamjibu. Mwenzangu akacheka akidhani natania. Nilileta chai. Walikunywa wakimaliziana maneno. Huyu anaanza hadithi ya askari fulani wa kutoka jimbo la Équateur aliyewashika barabarani akawalazimisha warapu kwa Lingala ndipo wapite, yule anaimalizia, wote wanacheka palepale. Kicheko cha mwenzangu nakijua. Kinaanzia puani. Sikujua kama kinaweza kumtokea mtu mwingine pia.

Kabla hawajaondoka, mwenzangu akatoa flashi mfukoni, akaiweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole mwenyewe.

“Albamu njo hii. Nyimbo kumi na moja. Iko kwa fundi na iko kwako, hakuna mutu mwingine. Inatoka mwisho wa mwezi. Sikiliza yote, lakini vizuri. Siku kumi, Jumamosi, tuko tunarudi.”

Mimi nilisikia majivuno. Nilisikia: sikiliza uone ulichokosa.

Nikafunga kibanda mchana kweupe, wateja wakabisha wakaondoka. Nikavaa visikilizio. Na niseme ukweli wote, sikuwa nasikiliza muziki. Nilikuwa najitafuta. Wimbo wa kwanza, sipo. Wa pili unasimulia mtaa wetu, maji ya bomba yanayokuja Alhamisi tu, mbao za baba yake, kila kitu, na mimi sipo. Wa tano una shukrani: anamshukuru Mungu, mama yake, fundi, hadi mama wa Mulekera aliyewapikia fufu. Laiti angenitukana. Mtu akikutukana kwenye wimbo, angalau anakukumbuka. Nilichopata ni kimya, na nyimbo zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonimaliza. Yule mwembamba alikuwa na maneno, tena mepesi, yanaingia bila kubisha hodi. Mahali ambapo mimi ningeweka mistari minne kuonyesha akili, yeye aliweka mmoja.

Wimbo wa tisa ulikuwa na kasoro. Mwenzangu anaimba kuple yake, ubeti wake, yule mwembamba anaimba refré, kile kiitikio, halafu mdundo unaendelea peke yake, hakuna mtu, kama nusu dakika, ndipo refré inarudi. Nikacheka kwa sauti mle kibandani. Nikasema, eh, waheshimiwa wameishiwa maneno. Sikuendelea hadi wa kumi na moja.

Saa kumi akaja taximan mmoja ninayemfahamu, anafanya mstari wa Butembo na Beni kila siku, mtu asiyeogopa kitu. Akaweka kadi mezani. “Jazia mi bintu bipya, bile bya zamani bimenichokesha.”

Nikamjazia albamu nzima.

Sikulewa, sikutumwa na mtu. Mkono wangu ndio uliobofya, na nilikuwa najua. Nilitaka siku ya kutoa albamu ifike wasimame na kitu kilichokwisha kuchoka masikioni mwa watu. Nilimwambia taximan, “Gawia benzako, lakini hapana kutaja kibanda yangu.” Aliyefuata nikamjazia pia. Ijumaa nilikuwa naijaza hata kwa wasioiomba. Mama mmoja muuza samaki aliyetaka nyimbo za kwaya aliondoka na kwaya na wale wawili juu yake.

Nilidhani itachukua wiki kusambaa. Jumatatu ilikuwa Beni yote. Wanajeshi waliipeleka kambini, wauza kakao wakaipeleka Mangina, na mwenzangu mwenyewe aliisikia Lubero, amekaa na nyanya yake, kutoka kwenye lori la viazi lililopanda kilima. Alinieleza baadaye kwamba nyanya yake aliuliza huyo anayepiga kelele ni nani, naye hakujua ajibu nini.

Na ule wimbo wa tisa, wenye kasoro, ndio uliotangulia mingine yote. Ile nusu dakika tupu watu hawakuiacha tupu. Wataximan walianza. Mtu anaendesha, mdundo unabaki peke yake, anatupia ya kwake: habari ya bei ya mafuta, habari ya polisi wa barabarani, habari ya mchumba aliyemkimbia. Wanafunzi wakaweka ya kwao kwa Kinande kuhusu mwalimu wa hesabu. Wanajeshi wakaweka ya Lingala. Wataximan wa Beni walitunga moja kuhusu kumbeba mama mjamzito hadi hospitali mvua inanyesha, na hiyo ikawashinda wote, kila mtu aliijua. Jumatano nilipita sokoni nikasikia mafundi cherehani wanaiimba, miguu inakanyaga kwa mpigo.

Nyumbani nikamkuta mama anachambua maharage, anaimba refré. Mama yangu, ambaye rap aliiita matusi ya haraka haraka.

“Huyu si rafiki yako?” akaniuliza. “Mbona weye haukuimba naye? Ulikuwa wapi?”

Nikatoka nikaenda kukaa kwenye jiwe la kufulia mpaka hasira ipungue, na haikupungua.

Jumamosi nilijua watarudi. Nilikuwa nimeshapanga uso: nitasema flashi ilipotea, nitasema labda ni fundi. Lakini akaja yule wa Mulekera peke yake, kwa miguu, saa nne asubuhi.

“Yaya, tuko tunakungojea.”

“Kunifanyia nini?”

Akanitazama kama ananiona nimeamka vibaya. “Kurekodi. Ile nafasi ya wimbo wa tisa. Hukusikiliza?”

Hapa lazima nieleze tulivyokuwa tunafanya kazi, mimi na mwenzangu, kwenye zile mbao. Hatukuwahi kuambiana andika hiki au andika kile. Mmoja alirekodi kuple yake kwenye simu, akauacha mdundo uende mtupu, akamkabidhi mwenzake simu bila neno. Ndiyo ilikuwa namna ya kusema: hapa ni pako. Kama mtu angeeleza, tungeona aibu. Miaka minne tulifanya hivyo, nami ndiye niliyeianzisha hiyo desturi, sababu mimi ndiye nisiyependa kuombwa. Na nilipoachiwa nafasi kwa desturi yangu mwenyewe, nikaiita kasoro nikacheka.

Yule kijana alikuwa bado amesimama. “Tulijua mama yako hapana kukuacha upande Beni,” akasema. “Kwa hiyo tuliomba chumba kwa shangazi yangu, hapa hapa Butembo. Tumetundika mablanketi ku ukuta. Fundi amekuja na mashine yake, ametoka Beni jana.”

Halafu akasema kitu ambacho hakulazimika kukisema. Alikuwa anakwangua matope ya kiatu kwenye kizingiti, hanitazami.

“Mi nilitaka kuweka kuple yangu pale. Nilikuwa nayo, tena muzuri. Akakatala. Tuligombana siku tatu juu yako, yaya. Mi sikuwa nakupenda, nasema kweli. Kila siku ilikuwa weye tu, vile weye ulikuwa unaandika, vile weye ungesema.”

Nilikaa kwenye stuli yangu. Muda wote huo nilikuwa namwonea wivu mtu anayenionea wivu mimi, na kama ningejua hilo siku moja tu mapema ningelala vizuri, nisingemjazia mtu yeyote kitu. Nikafunga kibanda nikamfuata.

Chumba kilikuwa kidogo, kina joto ambalo Butembo haina, kwa sababu ya yale mablanketi. Fundi alikuwa kwenye kona na waya zake. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakusimama.

“Ni weye?” akaniuliza.

“Ni mimi.”

“Kwa makusudi?”

“Kwa makusudi.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Ningelipokea hata kwa furaha, maana baada ya kofi watu hurudiana. Halikuja. Nje pikipiki ikapita polepole, barabara ile ina mashimo, na spika yake ilikuwa kwenye wimbo wa tisa. Tulimsikia mwenzangu akiimba kuple yake, tukamsikia yule kijana kwenye refré, halafu mdundo ukabaki peke yake, na taximan akaingia na ile ya mama mjamzito, kwa sauti mbovu, bila kukosa neno. Pikipiki ikaenda.

“Naomba niirekodi,” nikasema. “Maneno ninayo.” Sikuwa nayo. Ningeyapata, nilikuwa na hakika.

Mwenzangu akasugua uso kwa viganja. “Unaweza kurekodi. Fundi amekuja, tutamulipa bure? Lakini nani atafuta ile ingine? Utaenda Mangina, utashika kadi ya kila mutu?” Akasema hivyo bila ukali, na hapo ndipo nilipotamani awe mkali. “Ile nafasi nilikuchungia weye. Sasa imeshakuwa ya batu.”

Nilirekodi. Mara sita, saba, jasho linatoka. Fundi akasema iko muzuri. Yule wa Mulekera akasema pia iko muzuri, akainua kidole gumba, na nilijua ni kweli kwa sababu alisema akiwa amenuna. Hiyo rekodi ipo. Nimeipakia kwa watu wengi kwenye kibanda changu. Wanarudi kesho yake wananiambia, “Tupe ile ya kweli.”

Kuhusu mafanikio yao sina haja ya kueleza sana, mafanikio yanajieleza. Redio zilipiga, harusi zilipiga, padri wa parokia moja aliutaja wimbo wa pili kwenye mahubiri kuhusu maji. Waliitwa Beni, waliitwa Kasindi mpakani, waliitwa Bunia. Watu husema albamu ya kwanza kwa kawaida inakufa sokoni, hii ilipona kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwa ya kila mtu kabla haijatoka. Wakisema hivyo mbele yangu, mimi natazama waya zangu.

Tamasha la Butembo lilifanyika mchana, kwenye ukumbi wa shule, ili watu wawahi kurudi majumbani. Mama alikuja, na kitambaa chake cha kanisani. Mwenzangu alikuwa amenipigia simu siku moja kabla: “Kesho, wimbo wa tisa, unapanda. Tutazima ya batu. Utaimba yako.” Nilirudia mistari yangu asubuhi nzima mpaka wateja wakaanza kunitazama. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho: kusimama kando yake, mbele ya watu wa kwetu, na kusema ya kwangu.

Wakaimba nane za kwanza. Ukumbi ulikuwa unatoa vumbi kwenye dari. Mdundo wa tisa ulipoanza, akanitafuta kwa macho, akaniita kwa mkono, nikapanda. Alikuwa katikati, yule wa Mulekera kushoto, mimi kulia. Akaimba kuple yake. Kijana akaimba refré. Mwenzangu akanigeukia akanipa maikrofoni, na kwa mara ya kwanza tangu aende Beni nikaona ameniachia kicheko kile cha puani.

Nikafungua mdomo. Mstari wa kwanza nikausema. Nadhani hata mwenzangu hakuusikia. Ukumbi mzima ulikuwa umeshaingia na mvua inanyesha, na pikipiki, na mama mjamzito, mamia ya watu kwa sauti moja, na mbele kabisa mama yangu, kitambaa kimemwangukia mabegani, anaijua yote, ananitazama na kunihimiza kwa mikono nami niimbe. Nilijaribu mstari wa pili. Ukazama. Wa tatu sikuujaribu. Nikasogea mbele kwa watu, maikrofoni mdomoni, nikaimba na wao ile ya wataximan, neno kwa neno, ile niliyoifungulia njia mimi mwenyewe, na niliijua vizuri kuliko yangu.

Watu walipiga makofi sana. Mwenzangu akafurahi, akarusha mkono begani mwa yule wa Mulekera, maana ndiye aliyekuwa karibu.